Simba Waliohamia Malisho ya Musyoka

Wenzangu wa kikundi, mmeniuliza habari za safari yangu kisimani, mkaniuliza kanisani, na juzi mkaniuliza mpaka matangani, mahali ambapo mtu hata hawezi kucheka vizuri. Kila mmoja nimempa kipande chake, na sasa nasikia vipande hivyo vimeunganishwa vikawa hadithi ambayo mimi mwenyewe siitambui. Kuna anayesema nililala hema moja na simba. Kuna anayesema kaka yangu alimvuta mmoja mkia. Basi nimekaa chini nikayaandika yote kwa mpango, na atakayeniuliza tena nitampa daftari hili asome mwenyewe.

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini, maana hapo ndipo wengi mnakosea. Sikwenda kutazama simba. Nilikwenda kumtoa kaka yangu Musyoka malishoni, kusini mwa Kitui, na kuwauza ng'ombe aliowachunga tangu baba yetu afariki. Mnamjua Musyoka. Shule ilimshinda mapema, mke hakutafuta, na ukimwonyesha mti wa parachichi anauliza kama ng'ombe wanakula majani yake. Huku kwetu Kilungu mashamba yamelala kwenye miteremko, hata mbuzi akitaka kulala lazima ajishikilie, kwa hiyo ng'ombe wa nyumba yetu hukaa mbali, ng'ambo ya Mutomo, kwenye kambi ya malisho tunayoiita kyengo. Ndivyo walivyofanya wazee wetu na ndivyo Musyoka anavyofanya mpaka leo.

Mwezi ule simba walikuwa wamehamia upande wake, wakamla ng'ombe mmoja mkubwa. Mama aliposikia alilia kwa simu. Mimi nami, ninayejifanya mwenye akili katika nyumba ile, nikaamua: ng'ombe wauzwe wote, Musyoka arudi nyumbani, nimfundishe kupogoa miti. Nikampigia mfanyabiashara wa ng'ombe anayeitwa Nzioka, wa Kanyangi, tukapatana lori lake lifike kyengo Jumamosi. Musyoka mwenyewe sikumwambia neno.

## Kilungu hadi Kanyangi

Niliondoka Jumatatu na kikapu cha maparachichi, blanketi mbili na Biblia. Nikashuka mlima, nikapitia Wote, nikavuka mto Athi. Kufika Kanyangi jua lilikuwa limenikausha midomo hata salamu zilitoka kwa shida.

Sokoni nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anapeta ndengu kwa Bwana Nzioka ni wapi. Akakitazama kikapu, akaitazama Biblia iliyokuwa inachungulia juu ya maparachichi, akatupa ungo chini.

"Umefika! Tunakungoja tangu saa tatu asubuhi! Kwani gari iliharibika?"

Akanishika mkono mpaka nyumbani kwa Nzioka. Nikakuta turubai limefungwa, viti vimepangwa, watu wakasimama wakanipigia makofi. Nikajiambia, kumbe huku biashara ya ng'ombe inaheshimiwa namna hii! Nikaketishwa mbele. Nikaletewa maji ya kunawa, kisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa ukalainika, na kuku wa kienyeji, paja na kidari. Nilikula bila kuuliza, maana njaa haina maswali. Nilipomaliza, mzee mmoja akasimama akatangaza kwamba sasa mtumishi wa Mungu kutoka Makueni atatulisha neno.

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mtumishi. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Ningeweza kujificha chini ya meza, lakini kuku alikuwa tayari tumboni na hakuna namna ya kumrudisha. Nikasimama nikasema ukweli, kwamba mimi ni mkulima wa maparachichi, naitwa Mbithe, nimekuja kwa habari ya ng'ombe wanaosumbuliwa na simba. Walicheka mpaka turubai likatikisika. Yule mama wa ndengu ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisha mzee akasema kwa kuwa nimeshakula, angalau niombe. Nikamwomba Mungu aliyefumba vinywa vya simba wa Danieli awafumbe na hawa wa Musyoka, na nilipofungua macho mhubiri mwenyewe alikuwa anaingia langoni, amejaa vumbi. Alikuta shingo na mabawa. Naomba msamaha kwake popote alipo.

Jioni Nzioka alinisindikiza hadi chumba cha wageni. Ni mtu mnene, mpole, anayeongea polepole kama anayepima kila neno.

"Mama, hii maneno ya ng'ombe. Kaka yako amesema nini?"

"Kaka yangu hajui bado."

Akasimama. "Basi mimi nitakuja Jumamosi vile tulisema. Lakini mimi huwa sipakii ng'ombe mpaka yule anawachunga anipatie kamba kwa mkono yake. Asiponipea, narudi. Niliwahi kupakia kwa nguvu ya watoto wa mzee fulani, na huyo mzee akatembea nyuma ya lori mpaka tukampoteza kwa vumbi. Sitaki tena."

Nilimwambia Musyoka atatoa kamba. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini kitandani niligeuka mara nyingi.

## Mutomo

Nilifika Mutomo Jumanne saa sita, nikidhani kwamba nusu ya safari imekwisha. Nikamwita mwenye pikipiki, nikamtajia kyengo. Akazima injini. Wa pili akasema pikipiki yake ina shida ya breki, ingawa nilimwona akikata kona vizuri sana. Wa tatu alikuwa mkweli.

"Anti, huko siendi. Simba iko kwa barabara. Nikikupeleka, nitarudi na nani?"

Nikaingia hoteli moja nikaagiza chapati na kunde. Meza ya pili alikaa msichana aliyevaa kofia pana, na juu ya kiti kando yake ameweka antena ya chuma yenye miguu mingi. Mnajua televisheni yangu inavyoleta mchanga tangu mwaka jana. Nikamsogelea nikamwambia, mwanangu, ukimaliza kazi huku naomba uje Kilungu unitengenezee, nitakulipa na parachichi.

Akacheka mpaka chai ikampalia. "Mum, hii si ya TV. Hii ni ya kutafuta simba."

Jina lake Kasyoka. Ni Mkamba wa Mwingi, amesoma mambo ya wanyama, na kazi yake ni kufuata makundi ya simba ajue yanakaa wapi na yanahamia wapi. Simba mmoja jike wamemfunga kola shingoni yenye redio, na ile antena ndiyo inayosikiliza redio hiyo. Nilipomtajia kaka yangu, akaacha kucheka.

"Musyoka? Huyo mzee hatuongeleshi. Tuko karibu na kyengo yake wiki ya pili sasa, na kila tukimsalimia anaangalia miti."

Dereva wake anaitwa Abdalla. Mababu zake walitoka pwani na biashara wakabaki Kitui, na yeye anakisema Kikamba kunishinda mimi, lakini Kiswahili chake kimebaki kile cha babu zake. "Karibu sana, dada yangu," akaniambia, "gari letu si zuri, ila lina subira."

Subira kweli. Tulipata pancha mbili za miiba kabla ya jua kupinda, na ya tatu tulipokuwa tunashangilia kwamba hatujapata ya tatu. Tulilala kwenye kituo cha njiani. Abdalla alitoa tende, mimi nikatoa parachichi. Alilisaga na sukari na maziwa akanipa kikombe. Nimelima maparachichi miaka yote hii na sikujua yanaweza kunywewa. Nanyi mtaonja, msiwe na haraka.

Njiani Kasyoka alinifundisha. Simba unawatofautisha kwa vidoa vya sharubu shavuni, hakuna wawili wanaofanana. Majike ya kundi moja huwa ni ndugu, mama na dada na mashangazi, na eneo ni lao pamoja. Lakini mipaka yao haikai mahali pamoja. Maji yakikauka wanasogea, pundamilia wakihama wanasogea, dume mgeni akija kuna wanaokimbia. Kundi hili eneo lake ni ng'ambo ya mto Tiva. Yule mwenye kola peke yake alikuwa amevuka upande huu wiki tatu zilizopita, akakaa.

"Swali ni hili," Kasyoka akasema. "Amehama kabisa, na wenzake watamfuata? Kama ni hivyo, kyengo ya Mzee iko katikati ya eneo lao mpya, na hapo hakuna namna, atoke. Ama anapita tu? Sijui. Hiyo ndiyo kitu natafuta."

Nikamwuliza huyo simba ana jina. Anaitwa Syombua. Dada Syombua wetu wa kikundi, usinikasirikie, si mimi niliyempa.

## Kyengo

Tulifika Jumatano alasiri. Nilimwona Musyoka kabla hajaniona, amesimama kwa mguu mmoja, fimbo mabegani, na ng'ombe wakitafuna vijiti kwenye ardhi nyekundu isiyo na kitu. Amekonda. Nilimwita, akanitazama kama mtu anayehesabu miaka, kisha akaja akanishika mikono yote miwili. Nililia, siwafichi.

Alipoliona gari nililoshuka, akaniachilia.

"Hao ni marafiki yako?"

"Wamenipa lifti tu. Wamekukosea nini?"

Aliniambia tukiwa wawili, kwa Kikamba, na sauti yake ilikuwa ya chini. Siku simba alipomla Katune, yule ng'ombe mwekundu aliyezaliwa mwaka baba alipofariki, watu wale walikuja asubuhi. Wakashuka na kamba ya kupimia. Wakapima mwili wa Katune, wakapima alama za meno, wakapiga picha upande huu na upande ule. Walipomaliza ndipo msichana akageuka akamwuliza jina lake na ana ng'ombe wangapi.

"Hawakunipa pole," alisema Musyoka. "Mtu anaingia kwako umefiwa na anaanza kupima maiti."

Nyinyi mnajua. Kwetu hata kuku wa jirani akifa unasema pole kabla ya kuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani. Nilimwonea Kasyoka huruma, maana naona shule ndiyo ilimfundisha kuanza na kamba ya kupimia, lakini nilimwelewa kaka yangu zaidi.

Alinionyesha na shida yenyewe. Chini ya kambi kuna korongo refu lenye majani mazuri, yamefika magotini, yangetosha mpaka mvua. Lakini Syombua alikuwa huko, na ng'ombe hawawezi kushuka. Wanabaki juu wanakula vumbi.

Basi nikamwambia habari ya lori. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi: umri wake, mama, chumba nilichompakia rangi. Hakunipinga hata moja.

"Sawa," alisema. "Jumamosi."

Akaenda kufunga zizi kwa matawi ya miiba. Afadhali angenifokea. Ile "sawa" yake ilinikaa kifuani kuliko simba.

## Ndama wa kwenye spika

Kasyoka alikuwa na njia moja ya kupata jibu lake. Unaweka spika kubwa juu ya gari, unapiga sauti ya ndama anayelia kwa uchungu. Simba wa karibu wakisikia wanakuja kuangalia, unawahesabu ukiwa ndani ya gari. Wakija wengi, kundi zima limehamia. Akija mmoja, kuna matumaini. Alikuwa ameomba ruhusa kila mahali na kutangaza kwenye baraza la chifu. Lakini watu wa kyengo wapi na baraza wapi?

Alhamisi alfajiri nilipanda gari pamoja nao, kwa sababu sikuweza kukaa na ile "sawa". Tukaenda mbali kidogo na kambi, upande wa pili wa korongo, Abdalla akazima taa, kukaanza kupambazuka. Kasyoka akabonyeza.

Sauti ile ilinisimamisha nywele. Ndama analia anaita mama yake, anakatika, anaanza tena. Tukangoja dakika kama kumi. Kisha Abdalla akanyoosha kidole.

"Vichaka vile vinatikisika."

Kasyoka akaweka darubini machoni. Mimi nikainama chini ya kiti. Nikamsikia akisema, "Ngai wakwa, Mungu wangu," na baadaye kidogo, "hao si simba."

Nikainuka. Watu wanne walikuwa wanatoka kwenye korongo wakikimbia, pinde na fimbo mkononi, blanketi zinapepea. Wa kwanza alikuwa Musyoka, ndala moja mguuni, ya pili sijui aliiacha wapi. Wengine walikuwa wachungaji wa kambi jirani. Walilizunguka gari wakihema, wakitafuta ndama, na ndama akaendelea kulia juu ya vichwa vyao.

"Zima, zima!" Abdalla alisema. "Subhanallah, tumeita wanadamu."

Kasyoka akazima.

"Ndama iko wapi?" Musyoka aliuliza, bado hajapata pumzi.

Kasyoka akaonyesha spika. Wale wengine watatu wakatazamana, mmoja akaanza kucheka, lakini Musyoka hakucheka.

"Mzee," Kasyoka akasema, "wewe umepita kwa korongo? Na simba iko huko?"

"Ndama ililia. Ningepita wapi?"

"Lakini haikuwa ndama yako. Wako wako kwa zizi."

"Ndio. Nilihesabu kwanza, wangu wako wote." Alisema kama ni jambo dogo. "Ilikuwa ya mtu."

Kasyoka alifungua mlango akashuka, jambo ambalo yeye mwenyewe alinikataza mara tano nisilifanye. Akasimama mbele ya Musyoka, kofia mkononi.

"Mzee, mimi nilikuja kwako siku ile na sikukupa pole. Pole kwa ng'ombe yako. Ilikuwa inaitwa nani?"

"Katune," Musyoka alisema.

"Pole kwa Katune."

"Asante, mwiitu, binti yangu." Kisha, kama mtu anayetua mzigo, akaendelea: "Nimekanyaga nyayo za hiyo simba yenu nikikimbia. Kwa mchanga hapo chini. Ziko fresh. Na kuna zingine kando, ndogo ndogo hivi." Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

Kasyoka alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

## Ukingoni mwa korongo

Tulishuka na gari mpaka mwanzo wa mchanga, hatukwenda zaidi, na Abdalla aliacha injini ikinguruma. Alisema mama mwenye watoto hataki wageni, awe simba awe shemeji. Musyoka alisoma nyayo kutoka dirishani kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Huyu ndiye mama. Hawa ni wadogo, watatu, huyu wa mwisho anachelewa kila mara halafu anaruka kuwafikia. Tayari wanatembea wenyewe.

Kasyoka akatoa ramani yake ya alama za kola. Wiki tatu, kila siku, Syombua alirudi kwenye mwamba mmoja. Kasyoka alikuwa ameona alama hizo akafikiri mnyama ameipenda nyumba mpya.

"Hajahama," alisema. "Amekuja kuficha watoto. Wakiwa wadogo hivi mama anajitenga na wenzake. Wakipata nguvu anawarudisha kwa kundi."

Mimi nilielewa mara moja. Ni kama wasichana wetu wanaotoka Nairobi kuja kujifungulia kwa mama zao. Hawajahama. Mtoto akikaza shingo, wanafunga virago.

"Atarudi lini?" nikauliza.

"Inaweza kuwa kesho. Inaweza kuwa mwezi ujao. Na anaweza kubaki. Siwezi kukuapia, Mum."

Siku ile na Ijumaa yote hatukukaa bure. Wachungaji wa kambi tatu walikusanyika kwa mwethya, kazi ya pamoja, wakaliongezea zizi la Musyoka matawi ya miiba mpaka likafika kifuani. Nami nilikata. Tazameni mikono yangu. Kasyoka na Musyoka walikubaliana kitu ambacho wangekubaliana wiki mbili nyuma kama pole ingetangulia: kila alfajiri Kasyoka atampigia simu kumwambia Syombua yuko wapi, na Musyoka atamwambia anawapeleka ng'ombe wapi. Mchana tulikula isyo, mahindi na maharagwe, pamoja na parachichi. Wachungaji walilitazama kwa mashaka, wakalitia chumvi, na mmoja akaniuliza kama linatibu tumbo.

Musyoka alikuwa anaongea sasa, na wengine walicheka. Lakini kila aliponitazama alinyamaza.

## Jumamosi

Alfajiri Kasyoka alisimama juu ya gari na antena, akaizungusha. Mlio ulitoka upande ule ule, kwenye mwamba. Syombua hajaondoka. Akanitazama akatikisa kichwa.

Lori la Nzioka lilifika saa mbili. Akashuka, akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, akaiombea siku baraka, halafu wakaweka mbao za kupandia. Musyoka aliingia zizini akatoka na ng'ombe mkubwa mweupe, kamba mkononi. Alitembea wima, taratibu, bila kumtazama mtu yeyote. Alipofika mbele ya Nzioka akanyoosha mkono wenye kamba.

Mimi nilikuwa nimesimama kati ya wawili hao. Nilikuwa nimeshinda. Jambo nililolipanga lilikuwa linatimia mbele ya macho yangu bila hata ugomvi. Huyu mtu alikimbia na ndala moja kupita kwenye korongo la simba kwa ajili ya ndama wa mtu asiyemjua. Nami nilitaka kumfungia Kilungu apogoe miti!

Nikaishika ile kamba kabla Nzioka hajaigusa.

"Hapana," nikasema. "Mrudishe zizini."

"Mbithe," Musyoka akasema, "simba bado iko."

"Najua iko."

"Nikipoteza wote?"

"Basi utapoteza ukiwa mchungaji. Mimi nilitaka kukuibia nikikuita kusaidia. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alichukua kamba, akamgeuza ng'ombe kuelekea zizini.

Nilimgeukia Nzioka nikitarajia maneno makali. Akajikuna kidevu, akatazama zizi la zamani lililoachwa kando ya kambi, limejaa samadi. "Hiyo mbolea ni ya nani?" Wachungaji wakamwambia si ya mtu. Basi lori lililokuja kuchukua ng'ombe wa baba yangu likajazwa samadi hadi juu, sote tukipakia kwa karai na sufuria, na Nzioka akaondoka akipiga honi. Nafikiri mahindi yake mwaka huu yatakuwa mazuri.

## Mto Tiva

Jumapili ilikuwa mbaya. Antena haikutoa mlio wowote, asubuhi wala jioni. Kasyoka alisema labda betri, labda amelala nyuma ya mwamba, na uso wake ulisema mengine. Tuliimba nyimbo mbili za ibada chini ya turubai, Abdalla akatupikia wali, na Musyoka hakuwatoa ng'ombe kabisa. Niliogopa kwamba ukaidi wangu wa siku moja utamgharimu maisha yake yote. Niliomba, bila Danieli safari hii, maneno yalikuwa machache.

Jumatatu tulipanda kilima kirefu zaidi. Kasyoka akaizungusha antena kaskazini, magharibi, kimya. Akaielekeza ng'ambo ya mto.

Tik. Tik. Tik.

Tulikwenda mpaka Tiva. Msimu ule mto ni mchanga mtupu, mweupe, mpana. Nyayo zilikuwa katikati, wazi kabisa: mama mbele, wawili ubavuni, na wa tatu nyuma na miruko yake. Kwenye ukingo wa ng'ambo, kwa darubini, tuliona nyayo nyingine kubwa zimeshuka kuwalaki, nyingi, zikazungukana pale na kuvurugana, kisha zote zikaingia msituni. Kasyoka alikuwa analia na kuandika kwa wakati mmoja. Mimi nililia tu.

"Watakuja tena siku nyingine, Mzee," akamwambia Musyoka. "Mipaka yao inasonga na mvua. Sitaki kukudanganya."

"Mimi pia nasonga," alijibu. "Utanipigia simu, tutapishana."

Akageuka akaanza kutembea kurudi kambini kwa njia ya mkato, na baada ya hatua chache nikaona si kutembea tena, anakimbia kidogo, mtu mzima mwenye mvi. Tulipofika na gari alikuwa amekwisha kuvuta miiba ya mlango. Ng'ombe walitoka mmoja mmoja, wakanusa upepo, wakashuka korongoni kwenye yale majani. Nilisikia meno yao yakikata. Musyoka alisimama katikati yao, ameweka kiganja mgongoni mwa yule mweupe, na alinipungia mkono bila kuja.

Mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, ndipo Musyoka hupokelea simu zake. Nikapanda nikampigia Mama.

"Mbithe? Mko njiani? Nimeshapika."

"Mimi nakuja, Mwaitu. Peke yangu."

"Na Musyoka? Musyoka yuko wapi?"

"Ameenda kulisha."

Nikamsikia akifunika sufuria.

"Basi mwache alishe," alisema Mama.